Kidole cha Pete: Kisa cha Mbanguaji Korosho wa Mtwara na Laini Yake ya Simu

Novemba 2023, msimu wa korosho ukiwa umepamba moto, mwanamke mmoja mkazi wa Chikongola katika Manispaa ya Mtwara Mikindani aliangusha simu yake baharini alipokuwa akishuka kwenye pantoni kutoka Msanga Mkuu. Simu yenyewe ilikuwa kitochi kikuukuu kilichofungwa raba ili betri isichomoke, na hakuna ambaye angeililia. Kilichouma ni laini iliyokuwa ndani yake, aliyoitumia kwa miaka kumi na moja, pamoja na Sh 186,000 zilizokuwa kwenye laini hiyo, malipo ya korosho karanga, yaani viini vilivyokwisha kubanguliwa, aliyotumiwa siku mbili kabla na mnunuzi wake wa Dar es Salaam. Kuirudisha laini hiyo kulimchukua siku tisa. Katika siku hizo alikwenda mara tano kwa watoa huduma, akaondoka bila laini mara nne, na mara ya tano akahudumiwa kwa dakika zisizozidi tano, kwenye duka lile lile na kwa kifaa kile kile vilivyomkataa juma moja kabla yake.

Tofauti hiyo kati ya siku ya pili na siku ya tisa ndiyo inayonifanya nikiandike kisa hiki kwa kirefu. Sheria haikubadilika, kifaa hakikubadilika, na vidole vyake vilikuwa vile vile. Kilichobadilika ni swali aliloulizwa.

Mwanamke huyo ni dada mkubwa wa mama yangu, kwa hiyo nitamwita mama mkubwa kama ninavyomwita nyumbani, na msomaji aelewe tangu mwanzo kwamba sikuyatazama haya kwa mbali. Nimepata ruhusa yake ya kuyaeleza bila jina lake. Kampuni ya simu siitaji wala mawakala siwataji, kwa kuwa ninalolichambua ni namna huduma ilivyopangwa, na mpangilio huo haumhusu mtu mmoja aliyekuwa zamu siku fulani.

Mama mkubwa ana umri wa miaka 57. Alimaliza darasa la saba, anasoma gazeti bila miwani, na daftari la VICOBA, kikundi chao cha kuweka na kukopa, analishika yeye. Ana mikorosho aliyoachiwa na mama yake Msanga Mkuu, kwa kuwa kwetu Wamakonde mali ya ukoo hufuata upande wa mama. Sehemu kubwa ya mavuno yake huipeleka kwenye chama cha msingi cha ushirika, ambako huuzwa mnadani kwa utaratibu wa stakabadhi ghalani uliokuwepo tangu 2007, na malipo yake husubiriwa kwa wiki kadhaa. Sehemu ndogo anaibakiza, anaibangua mwenyewe nyumbani, na hiyo ndiyo inayompa fedha za matumizi ya kila siku wakati mnada haujalipa. Ninaeleza yote haya ili isidhaniwe kwamba tunazungumzia mtu asiyejua dunia inavyokwenda. Kabla ya siku ile ya pantoni, mimi mwenyewe nisingemweka kwenye orodha yoyote ya watu wanaohitaji msaada wa kupata huduma.

Mikono

Ganda la korosho lina tabaka mbili, na katikati yake mna mafuta mazito ya rangi ya kahawia iliyokaribia weusi. Mafuta hayo yana asidi ya anakadiki na kadoli, ambazo huchoma ngozi. Mkorosho na mwembe ni wa ukoo mmoja wa mimea, na yeyote aliyewahi kubabuliwa mdomo na utomvu wa embe bichi anajua sehemu ndogo ya ukali huo. Nyumbani korosho hukaangwa juu ya bati hadi maganda yashike moto, kisha moto huzimwa kwa mchanga, halafu mbanguaji anakaa chini na kuzipasua moja moja kwa kigongo. Mafuta mengi huungua, lakini si yote. Mkono wa kushoto huishika korosho kwa dole gumba na kidole cha shahada, wa kulia hugonga, kisha dole gumba na vidole viwili vya mkono wa kulia hukitoa kiini bila kukivunja, kwa kuwa kiini kilichovunjika bei yake hushuka. Wanawake hujipaka majivu au mafuta ya kula ili kupunguza makali. Glavu wanazijua, ila kiini hakishikiki vizuri kwa glavu.

Jioni ya siku ya pili nilimshika mikono nikaitazama chini ya taa. Dole gumba la kushoto lilikuwa jeusi kama lililochovywa kwenye lami, limekakamaa, lina nyufa mbili zilizoikatiza mistari ya ngozi, na pale ambapo gamba la juu lilikuwa limebanduka, ngozi ya chini ilikuwa ya waridi, nyororo kabisa, haina mstari hata mmoja. Dole gumba la kulia lilikuwa na nafuu kidogo tu. Vidole vya shahada na vya kati vya mikono yote miwili vilikuwa na mabaka. Kidole cha pete cha mkono wa kulia, ambacho hakishiki korosho wala kigongo kwa nguvu, kilikuwa na rangi ya kawaida na mistari yake ilionekana wazi, imejipanga kama matuta ya shamba la mihogo. Niliyaona hayo kwa macho yangu, lakini nakiri kwamba sikuyaunganisha na kilichotokea dukani mchana wake. Nilidhani, kama yeye, kwamba vidole vimeharibika basi.

Ngozi ya juu ya vidole hujijenga upya kwa muda wa mwezi hivi, na huchelewa zaidi kadiri umri unavyosonga. Maadamu tabaka la chini halijaharibiwa, mistari hurudi katika mpangilio ule ule wa kuzaliwa. Kwa mbanguaji, maana yake ni kwamba kidole kinachokataliwa Novemba huweza kukubaliwa Machi. Jambo hili lina uzito mkubwa katika uchambuzi huu na nitalirudia.

Kanuni na sababu yake

Usajili wa laini za simu kwa alama za vidole ulianza nchini Mei 1, 2019. Mwisho wake ulipangwa kuwa Desemba 31 mwaka huo, kisha Rais wa wakati huo, hayati John Magufuli, akaongeza siku 20 hadi Januari 20, 2020. Tangu hapo, anayetaka laini mpya au anayetaka kurudishiwa iliyopotea hutaja namba yake ya Kitambulisho cha Taifa, yenye tarakimu 20, kisha huweka kidole kwenye kifaa, na alama hiyo hulinganishwa na zile zilizochukuliwa alipojiandikisha. Wakati wa kujiandikisha huchukuliwa vidole vyote kumi. Kwenye kusajili laini kidole kimoja kinatosha, na wakala kwa mazoea huomba dole gumba.

Kanuni hii siipingi, na mama mkubwa haipingi. Kila mwenye simu Tanzania ameshapokea ujumbe wa matapeli wa kumwambia ile hela aitume kwenye namba hii. Mwizi akiweza kuirudisha laini ya mwenzake kwa kujieleza tu dirishani, atakuwa ameshika ufunguo wa akiba yake yote. Ukali wa utaratibu ni ulinzi wa mama mkubwa kabla ya kuwa ulinzi wa mtu mwingine yeyote, na pendekezo lolote la kulegeza utaratibu huo kwa huruma tu lingemrudisha kwenye hatari nyingine. Ugumu wa kisa hiki uko hapo: anahitaji mlango wa pili, na mlango huo uwe na kufuli imara kama wa kwanza.

Siku tisa

Siku ya kwanza alikwenda kwa kijana anayesajili laini chini ya mwavuli karibu na soko. Dole gumba la kulia lilikataliwa mara tatu na la kushoto mara mbili. Kijana alimwambia alisugue kwenye nywele lipate mafuta, kisha alipanguse kwenye kanga, kisha akamwambia, bila ubaya wowote, akapumzishe vidole kwa siku mbili na avisugue kwa limau. Alivisugua usiku ule. Limau kwenye nyufa za mafuta ya korosho sihitaji kulieleza.

Siku ya pili nilimsindikiza kwenye duka la kampuni. Tulichukua namba ya foleni, tukakaa zaidi ya saa mbili. Lipo dirisha lililoandikwa kwamba ni la wazee, wajawazito na watu wenye ulemavu, na muda mwingi halikuwa na mtu. Mama mkubwa alilitazama akanyamaza, kwa kuwa yeye si mmoja wa hao. Alipofika dirishani aliulizwa maswali ya uhakiki kupitia tundu la kioo, na kwa kuwa feni ilikuwa ikivuma, maswali na majibu yalikuwa ya sauti ya juu. Salio lako la mwisho ni shilingi ngapi? Akajibu laki moja na themanini na sita elfu, na foleni nzima nyuma yetu ikasikia. Taja namba tatu unazozipigia mara kwa mara. Hapo alikwama. Namba zake zote zilikuwa zimehifadhiwa kwa majina kwenye simu iliyozama, na nakala pekee iko nyumbani, imeandikwa kwa mkaa ukutani kando ya mlango, kama ilivyo kwenye nyumba nyingi za mtaa wetu. Baada ya hapo aliombwa dole gumba, kifaa kikaonyesha kwamba alama hazijalingana, likajaribiwa tena, na mhudumu akasema kwa upole, "Mfumo umekataa, mama. Vidole vyako havisomi." Akashauriwa akavihakiki kwenye ofisi nyingine, na namba ya foleni iliyofuata ikaitwa.

Njiani kurudi aliukumbatia mkoba wake kifuani hadi tulipofika nyumbani, ingawa ndani yake hamkuwa na chochote zaidi ya kitambulisho na nauli. Nilipomwambia kwamba anaweza kupeleka malalamiko, alinijibu, "Nikalalamike nini, mwanangu, na vidole ni vyangu?"

Siku ya nne alikwenda peke yake kwa wakala wa Magomeni ya hapa hapa Mtwara. Huyu hakujisumbua na kifaa. Alimpa njia ya mkato: asajiliwe laini mpya kwa kitambulisho na kidole cha kijana anayekaa naye kibandani, na kwa kazi hiyo amwachie Sh 5,000. Alikataa, na nina furaha kwamba alikataa, lakini alikiri kwangu kwamba alisimama pale kwa muda akifikiri. Siku ya sita alirudi kwa kijana wa kwanza, na matokeo yakawa yale yale.

Katika muda huo umeme uliisha. LUKU alizoea kununua kwa simu, sasa alimpa jirani fedha taslimu na namba ya mita, na tarakimu 20 za umeme zikafika kwenye simu ya jirani, ambaye alikuwa shambani hadi saa moja usiku. Ujumbe wa ankara ya maji, wenye namba ya malipo, ulikwenda kwenye laini iliyozimika. Marejesho ya VICOBA, ambayo wanakikundi hutumiana kwa simu, aliyachelewesha kwa mara ya kwanza tangu kikundi kianze, na faini aliyojitoza alijiandikia kwa mkono wake mwenyewe kwenye daftari. Mnunuzi wa Dar es Salaam, alipokuta namba haipatikani, aliagiza mzigo kwa mtu mwingine. Na siku mbili hakubangua kabisa ili vidole "vipumzike", ingawa siku mbili hazitoshi kuirudisha ngozi.

Siku ya tisa tulirudi dukani na picha ya ukuta kwenye simu yangu. Dirishani alikuwepo binti mwingine. Alimwamkia, akaitazama mikono iliyowekwa juu ya kaunta, akauliza, "Mama, unabangua?"

"Ndiyo, mwanangu."

"Naomba nione vidole vyote."

Alitoka nyuma ya kioo, akatupeleka kwenye meza ya pembeni, na maswali ya uhakiki akayauliza kwa sauti ya chini. Aliigeuza mikono ya mama mkubwa, akavipitia vidole kimoja kimoja, akakichagua kidole cha pete cha kulia. Alikifuta kwa kitambaa chenye maji kidogo, akakikausha, akapangusa na kioo cha kifaa. Mara ya kwanza kilikataliwa. Alikisogeza ili kilale bapa badala ya kusimama kwa ncha, na mara ya pili kikakubaliwa. Nilipomuuliza amejuaje, alisema kwamba mama yake anabangua korosho Newala, na kila akienda likizo ndiye anayemfungulia vikopo.

Vidole havisomi

Nimeirudia mara nyingi kichwani ile kauli ya siku ya pili. Vidole vyako havisomi. Imekuwa lugha ya kawaida ya madirishani, na aliyeitamka hakukusudia ubaya. Lakini kidole hakisomi, wala hakijawahi kusoma. Kinachosoma ni kifaa, na aliyeshindwa kazi siku ile alikuwa kifaa, pamoja na mazoea ya kujaribu kidole kimoja kati ya kumi. Kauli hiyo iliuhamisha upungufu kutoka kwenye mpangilio wa huduma ikauweka kwenye mwili wa mteja, naye akaupokea na kuondoka nao nyumbani. Ndiyo maana hakulalamika. Mtu anayeamini kwamba kosa liko mikononi mwake haendi kwa mdhibiti wa mawasiliano, wala haandiki barua kwa Baraza la Ushauri la Watumiaji wa Huduma za Mawasiliano, ambalo lipo kwa ajili ya watu kama yeye. Kampuni ikitazama kitabu chake cha malalamiko ya mwezi ule haitamkuta, na inaweza kuhitimisha kwa moyo mweupe kwamba Mtwara hakuna tatizo la alama za vidole.

Miongozo ya Umoja wa Mataifa ya kumlinda mtumiaji, iliyopitishwa mwaka 1985, iliporekebishwa mwaka 2015 iliongeza waziwazi ulinzi wa watumiaji walio rahisi kudhurika. Mwaka 2022 Shirika la Kimataifa la Viwango lilitoa kiwango cha ISO 22458 kuhusu jambo hilo hilo na namna ya kupanga huduma jumuishi, likifuata njia iliyokwisha kufunguliwa Uingereza na kiwango cha BS 18477 cha mwaka 2010. Wazo lililobeba kiwango hicho ni kwamba kudhurika huku si tabia ya kundi fulani la watu. Ni hali, na huzaliwa pale mambo ya mtu binafsi, mazingira aliyomo kwa wakati huo, na namna soko lilivyopangwa vinapokutana. Hali hiyo huja na kuondoka, na inaweza kumkuta yeyote.

Sisi tumezoea kusema makundi maalumu. Neno hilo limefanya kazi nzuri na sitaki lifutwe, lakini lina mipaka ambayo kisa hiki kinaionyesha vizuri. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 inamhesabu mzee kuanzia miaka 60. Mama mkubwa ana 57. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 haimhusu, kwa kuwa anaweza kupasua korosho mamia kwa siku kwa mikono hiyo hiyo. Si mjamzito, si mgonjwa, anajua kusoma. Dirisha la makundi maalumu lilikuwa wazi mbele yake kwa zaidi ya saa mbili na halikuwa lake. Hata kama lingekuwa lake, lingempunguzia foleni tu, kisha dole gumba lingekataliwa vile vile.

Ukiitazama hali yake kwa jicho la kile kiwango, jambo la mwili wake ni ngozi iliyobabuka, ambayo peke yake si shida, kwa kuwa Novemba zote alizobangua hakuna huduma iliyomwomba kidole. Jambo la mazingira ni simu kuzama katikati ya msimu badala ya Machi. Jambo la soko ndilo zito zaidi: laini ya simu imekuwa mlango wa umeme, maji, akiba na soko la bidhaa yake, na mlango huo umewekewa ufunguo wa aina moja. Ondoa lolote kati ya hayo matatu na kisa hiki hakipo. Kwa hiyo swali la kumuuliza mtoa huduma si wateja wako dhaifu ni akina nani. Afadhali aulizwe ni wapi huduma yake inamtaka mteja awe na kitu ambacho huenda leo hana.

Na watu ambao leo hawana mistari ya vidole ni wengi kuliko tunavyodhani. Fundi mwashi anayeshika saruji kutwa nzima, mvunja kokoto, mzee ambaye ngozi yake imekauka, mgonjwa anayetumia baadhi ya dawa za saratani, wote hukutana na kioo kile kile. Lakini katika mikoa ya Mtwara na Lindi mbanguaji hawezi kuitwa mteja wa nadra. Kampuni inayofungua duka Mtwara, makao makuu ya Bodi ya Korosho, haiwezi kushangaa kwamba wateja wake wana mikono ya korosho.

Kollam, katika jimbo la Kerala, India, wanawake wamebangua korosho kwa vizazi, nyingine zikiwa ghafi zilizotoka kwetu, na mikono yao hubabuka kwa mafuta yale yale. Mfumo wa utambulisho wa India, Aadhaar, huchukua vidole kumi, mboni za macho yote mawili na sura, na una utaratibu wa kumwandikisha mtu ambaye alama zake hazichukuliki. Mfumo huo una kasoro zake na umelalamikiwa kwa mengi, ila msingi huu ni sahihi: sehemu moja ya mwili ikishindwa, nyingine iweze kushuhudia.

Yanayowezekana dirishani

Yapo mambo ambayo hayahitaji teknolojia mpya wala sheria mpya, na la kwanza binti wa Newala amekwisha kulionyesha. Dole gumba likikataliwa, mhudumu ajaribu vidole vyote kumi kwa utaratibu, kuanzia kile ambacho mteja anakitumia kidogo zaidi kazini, na ili kukijua kidole hicho inabidi amuulize kazi yake. Swali hilo liwe sehemu ya mafunzo ya kila wakala, pamoja na namna ya kufuta kioo na kukilaza kidole bapa. Mama mkubwa alipata huduma kwa sababu mhudumu alikuwa na mama mbanguaji. Ujuzi huo ulikuwa wa binti yule binafsi. Akihamishwa kesho, unahama naye.

La pili ni njia mbadala iliyoandikwa, kwa mtu ambaye vidole vyote kumi vimekataliwa. Iandikwe, ibandikwe ukutani, na ieleze ni nani mwenye mamlaka ya kuiidhinisha na kwa muda gani. Inaweza kuwa picha yake ikilinganishwa na ile iliyoko kwenye kumbukumbu za kitambulisho, pamoja na maswali ya uhakiki, pamoja na wahudumu wawili kutia saini. Pale ambapo njia ya pili haikuandikwa, hujitokeza ya tatu, ile ya Magomeni ya Sh 5,000. Laini iliyosajiliwa kwa kidole cha kijana wa kibandani ni mali ya kijana huyo machoni pa mfumo. Anaweza kuirudisha kwake siku yoyote, na mwenye fedha hatakuwa na pa kusimamia. Tunahimizwa kupiga *106# ili kuona laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chetu, na hilo ni jema; lakini humfaa yule ambaye kitambulisho chake kimetumiwa, na halimfai mama aliyekosa laini yenye jina lake.

La tatu ni kuhesabu. Kila kifaa kinapokataa kidole, tukio hilo hupita na kusahauliwa. Kama kila kukataliwa kungeandikwa kwa mahali, mwezi na kidole kilichojaribiwa, bila jina la mteja, msimu mmoja tu ungetosha kuionyesha kampuni jinsi Oktoba hadi Desemba zinavyotofautiana na Machi huku kusini. Nasisitiza bila jina, kwa kuwa Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 imeziweka alama za mwili kwenye taarifa zinazohitaji uangalifu wa pekee, na kwa kuwa mbanguaji hapaswi kubandikwa alama kwenye faili lake ili apate haki yake.

Kuhusu faragha sina maneno mengi: salio la mtu lisitajwe kwa sauti mbele ya foleni. Meza ya pembeni ilikuwepo dukani tangu siku ya pili.

Lipo pia suala la msimu, na hapa watoa huduma wa Mtwara na Lindi wangeweza kufanya jambo ambalo maduka ya mikoa mingine hayalihitaji. Mazoezi ya kuhakiki laini na kuhuisha taarifa yafanyike kuanzia Machi hadi Agosti, wakati mikono imepona, na yapelekwe hadi kwenye vyama vya msingi na vikundi vya wabanguaji badala ya kusubiriwa mjini. Na kabla kifaa kipya hakijanunuliwa kwa maelfu, kijaribiwe Novemba, Newala au Tandahimba au Ruangwa, kwa mikono ya wanawake waliotoka kubangua asubuhi hiyo.

Machi 2024 nilikwenda tena na mama mkubwa kwenye duka lile, safari hii kuomba jambo dogo la taarifa zake ambalo nalo lilihitaji kidole. Alikuwa hajabangua tangu katikati ya Januari. Kabla hajaombwa, alinyoosha kidole cha pete. Mhudumu, ambaye hakuwa yule binti, alimwambia aweke dole gumba. Aliliweka la kulia, lenye kovu jembamba na mistari iliyorudi, na kifaa kikalikubali mara ya kwanza. Alilitazama kwa muda, kisha akaniuliza kama Oktoba wataandika mahali kwamba kilichokubaliwa Novemba ni kile kingine. Nilimuuliza mhudumu. Alisema kwenye mfumo hakuna nafasi ya kuandika hivyo.